Niliandika bango la kuzuia pikipiki hifadhini, watu wakalitii vizuri kabisa huku wakipita na pikipiki zao

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Niseme mapema: anayetafuta chai, jukwaa la mapishi liko kule chini. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, kiangazi hiki hiki, na kuna watu wa Ipole wakiniona tu wanaanza kucheka kabla hata ya salamu.

Majina nimeyabadilisha. Hifadhi sitaitaja. Mtu wa Sikonge akisoma atajua ni upande gani ninaosema, namwomba avumilie, asiropoke.

Nianze na mimi, maana bila kunijua hamtaelewa balaa lilikoanzia.

Mimi ni mtoto wa Isevya, Tabora mjini. Mzee wangu ni fundi cherehani. Shule niliishia kidato cha nne, matokeo tuyaache yapumzike. Kazi yangu ni kuandika mabango na kuta za maduka, na hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nanakili herufi za kwenye magunia ya mbolea na maboksi ya sabuni, kwa mkaa, ukuta wa nyuma ya nyumba, mama akifoka kila siku.

Sasa ugonjwa wangu ni huu: mimi ni mtu wa wasiwasi.

Meseji ya "nimefika salama" naisoma weee kabla ya kuituma, na nikishaituma naifungua tena kuangalia kama nimeituma vizuri. Niliwahi kufuta ukuta mzima wa duka la dawa kwa sababu herufi G ilikuwa imelala kidogo kuliko wenzake. Mwenye duka hakuiona. Wateja hawakuiona. Mimi nilikuwa silali.

Ndivyo nilivyo. Tuendelee.

Mwaka huu kazi mjini zilipoa, siku hizi kila mtu anaprinti bango la plastiki. Mama mdogo wangu anaishi Ipole, akanipigia simu kwamba kikosi cha maskauti wa kijiji, wale vijana wanaolinda hifadhi, kinatafuta mtu wa kukaa getini msimu wa kiangazi. Nikafunga kibegi, brashi zangu nikaziweka humo humo kwa mazoea, nikaenda.

Msifikirie geti la chuma. Ni mti mmoja mrefu umelazwa juu ya nguzo mbili, pembeni kuna kibanda cha nyasi, na mbele yake njia nyembamba inaingia kwenye miombo. Wazee wa pale wanasema misafara ya zamani ilipita njia hiyo hiyo, watu na mizigo kichwani. Siku hizi wanaopita ni warina asali, kwa sababu mizinga yao iko ndani na wana ruhusa ya kuirina.

Kilichokatazwa ni kuingia na pikipiki.

Hapa nisimame kidogo, maana najua kuna watu humu watasema ni uonevu. Hata mimi nilidhani hivyo mwanzoni. Lakini mwenye pikipiki anaingia, anaangusha swala au anapasua mbao, na kabla skauti wa miguu hajafunga kamba za viatu, jamaa yuko barabara ya lami. Halafu zile kelele. Kabla ya katazo, bwawa lililoko ndani lilikuwa limezungukwa na alama za matairi tu. Nilipofika mimi, maskauti walikuwa wanabishana kama nyayo za asubuhi ni za pofu au za korongo, wale wanyama wakubwa wa jamii ya swala, na walikuwa wanabishana kwa furaha kama watu wa mpira.

Kwa hiyo naliunga mkono katazo. Mpaka leo naliunga mkono. Shida haikuwa katazo.

Shida nilikuwa mimi na brashi yangu.

Mkuu wa kikosi ni Afande Salumu, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mzima mwenye sauti ya kengele. Wengi mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, basi Afande pale kijijini hapiti nyumba bila kutukanwa, na yeye hamwachi mtu. Siku moja akaniita.

"Dogo, nasikia wewe fundi wa maandishi."

"Ndiyo, Afande."

"Andika pale njiani PIKIPIKI MARUFUKU. Basi. Usiniandikie gazeti."

Maneno mawili, wakuu. Mtu wa kawaida angemaliza kabla chai haijapoa.

Mimi nikakaa chini nikaanza kuwaza. Nikiandika pikipiki, je, mwenye bajaji? Mwenye toyo ya kubebea mizigo? Akija mtu na trekta akaniambia "mbona bango lako linasema pikipiki," nitamjibu nini? Nikapanda kwenye kichuguu, mahali pekee penye mtandao, nikasoma sheria na matangazo ya serikali kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Na huko nikapata neno zuri, neno rasmi, neno linalobeba kila kitu chenye injini.

Nikalipenda lile neno jamani. Nikapata ubao wa mninga, nikaupiga msasa, nikapiga mistari kwa penseli ya seremala, nikaandika kwa rangi ya mafuta, nyekundu juu ya nyeupe:

NI MARUFUKU KUINGIA NA CHOMBO CHA MOTO

Nafasi kati ya herufi na herufi ilikuwa imekaa kama meno ya kitana. Afande alilitazama, akakuna kidevu, akasema, "Si nilikwambia pikipiki?" Nikamweleza habari ya bajaji na trekta. Akasema, "Haya, msomi," akaenda zake.

Nilipiga picha nikaweka status. Watu wa mjini wakanipongeza. Niliridhika, na mimi huwa siridhiki.

Siku zilizofuata kikaanza kitu kilichoniudhi.

Kila nikitoka doria nakuta makopo chini ya bango langu. Makopo ya rangi, videbe vya mafuta ya kula, vimetobolewa pembeni, vimeungua, vingine vina majivu na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Vimepangwa pale chini kabisa ya nguzo.

Nikasema hawa watu wana dharau. Mtu anatoka kijijini na takataka yake, anaitua chini ya kazi yangu makusudi? Nikawa nayaokota kila mara, nayatupia nyuma ya kibanda, halafu nafuta masizi kwenye nguzo kwa kitambaa. Nilifikia hatua ya kutaka kuandika bango la pili la kukataza takataka. Namshukuru Mungu rangi nyekundu ilikuwa imeniishia.

Sasa siku yenyewe.

Nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta alama za tairi zimepita pembeni ya mti wa geti, zimeingia ndani. Hazikujificha hata kidogo, zimepita katikati ya njia, mbele ya bango. Nikasimama pale na filimbi yangu nikisubiri mtu atoke.

Jua lilikuwa linashuka nikasikia injini. Inakuja kwa kasi. Nikajiweka katikati ya njia, nikanyoosha mkono kama trafiki wa stendi, nikapuliza filimbi.

Anayeendesha ni mwanamke. Ni Nyamizi, dada mmoja wa Ipole, rika la dada yangu mkubwa, anayebeba abiria na asali kwa pikipiki yake kati ya kijijini na Sikonge. Hana shamba la tumbaku, hana duka. Ile pikipiki ndiyo shamba na ndiyo duka. Nyuma amembeba baba yake, Mzee Kapaya, mrina asali wa siku nyingi, ndoo mapajani, shati amejifunika kichwani.

"Toka njiani!" Nyamizi akapiga kelele.

"Simama! Zima injini!"

"Mdogo wangu, toka njia-"

Nilidhani anakaidi amri. Kumbe alikuwa ananionea huruma. Pikipiki ilisimama mbele yangu, na nyuki waliokuwa nyuma yao hawakusimama.

Wakuu, sitaeleza sana. Filimbi niliimeza nusu. Tulikimbilia kibandani wote watatu, mtuhumiwa, baba wa mtuhumiwa na askari, tukajifunika turubai moja, na humo ndani ya turubai ndimo nilimosoma mashtaka.

"Mmeingia hifadhini na chombo cha moto," nikasema, mdomo tayari unavimba.

"Nani kaingia na moto?" akajibu Mzee Kapaya. "Unatuona tulivyofanywa hivi? Tungekuwa na moto tungefanywa hivi?"

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nakuuliza, moto uko wapi?"

"Nasema pikipiki, mzee."

"Pikipiki nimekusikia. Moto uko wapi?"

Nyamizi akadakia, "Baba alilia kabisa kuliacha kopo lake. Nikamwambia baba, serikali imesema, tutii. Haya, tumetii. Angalia jicho lake."

Jicho la Mzee halikuwepo. Lilikuwa uvimbe tu wenye kope.

Kwa asiyejua urinaji: mrina asali wa kule huenda na kopo la moshi. Ni kidebe kilichotobolewa, ndani makaa na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Unawafukizia nyuki wanapoa, unachukua sega. Bila moshi ni kama kuingia nyumba ya watu na kuwapokonya chakula mezani huku wanakutazama.

Kidebe. Chenye moto ndani.

Chombo. Cha moto.

Halafu lile bango nililisimamisha katikati ya kiangazi, wakati kila mkutano wa kijiji unapiga kelele kuhusu moto kichaa unaounguza misitu. Lipo kwenye njia ya warina asali. Ungekuwa wewe, si ungeelewa kwamba sasa kinachokatazwa ni moto, pikipiki zimesamehewa?

"Kopo lenyewe nililiacha pale chini ya bango, kama mlivyoagiza," Mzee akasema. "Nalo sijalikuta. Mmeanza na wizi?"

Kopo lake lilikuwa nyuma ya kibanda, kwenye rundo langu la takataka. Nilijifanya mdomo umevimba zaidi ya ulivyovimba.

Afande Salumu alitoka doria nyuki wakiwa wametulia. Akaona pikipiki, akaona ndoo, hakutaka hadithi. Katazo limetangazwa kwenye mkutano, bango lipo, pikipiki imetoka ndani. Akaifunga kwa mnyororo kwenye mti, akapiga simu: asubuhi gari la wilayani litakuja kuichukua.

Ikishapandishwa gari lile ni kesi, na kesi yake inaweza kuisha kwa pikipiki kutaifishwa kabisa. Kila mtu pale alijua. Nyamizi hakulia. Alikwenda akafuta vumbi kwenye tanki kwa upindo wa kanga, akamchukua baba yake mkono, wakaondoka kwa miguu.

Mimi ningependa kuwaambia kwamba niliongea pale pale. Sikuongea. Nilikuwa nawaza kwamba nikisema bango ndilo lenye kosa, Afande ataona kuwa hakupaswa kunisikiliza, alipaswa kuniamuru tu. Nilikuwa nawaza zile pongezi za kwenye status. Usiku sikupata usingizi, na safari hii sikuwa nawaza nafasi kati ya herufi.

Asubuhi gari likaja mapema. Nyamizi na baba yake walikuwa wamefika kabla yake, wamekaa kwenye gogo, jicho la Mzee limeanza kufunguka kidogo.

Nilimfuata Afande wakati dereva anageuza gari. Niliongea kwa haraka na kwa kuchanganyikiwa. Nikamweleza neno, nikamweleza kopo, nikamwonyesha rundo nyuma ya kibanda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dogo, wewe una roho nzuri, ila usinifanye mtoto. Nchi nzima inajua chombo cha moto ni nini. Kila siku redioni. Hawa watani zangu ni wajanja, wamepata mwanya kwako."

Na Mzee Kapaya alisikia. "Mzaramo," akasema kutoka kwenye gogo, "sisi wajanja tungejiumisha na nyuki?"

"Mnyamwezi, babu yako alitembea njia hii hii mpaka pwani na pembe ya ndovu kichwani. Wewe ndoo moja ya asali umepanda injini!"

"Babu yangu alitembea kwa sababu babu yako alikuwa anamsubiri mwisho wa njia amuuzie maji. Angekuwa na pikipiki angempita na kumrushia vumbi."

Dereva akacheka. Afande hakucheka. Akachukua funguo za mnyororo.

Ndipo tukasikia injini nyingine, kutoka upande wa kijijini.

Ni Mihayo, mrina asali mwingine, bwana mmoja mpole wa kanisani, shati limechomekewa hadi porini. Anakuja na pikipiki yake taratibu, kopo linaning'inia kwenye usukani linatoa moshi. Akatuona. Hakugeuza. Kwa nini ageuze? Mtu hana kosa.

Akaja mpaka kwenye bango. Akasimama. Akatungua kopo lake, akaliweka chini ya nguzo kwa adabu, akalisogeza lisiguse rangi. Akafukia makaa kwa mchanga. Halafu akaja kutusalimia.

"Mwangaluka! Shikamoo, Mzee Kapaya. Afande, habari za asubuhi."

Tulikuwa tunamtazama tu.

Akaiona pikipiki ya Nyamizi kwenye mnyororo. "Dada, imeharibika?"

"Imekamatwa," Nyamizi akasema.

"Kwa kosa gani tena?"

"Kuingia na chombo cha moto."

Mihayo akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Aah, Nyamizi na wewe. Kwa nini ulibeba moto? Si wameandika pale? Ona mimi, langu nimeliacha."

Akawasha pikipiki yake, akatupungia mkono, akalipita geti akaanza kuingia hifadhini.

"Wewe!" Afande akapiga kelele. Mihayo akasimama, akageuka kwa mshangao, mkono kifuani, kama mtu aliyeitwa jina la mtu mwingine.

Hapo dereva alikuwa ameshajilaza kwenye usukani, mabega yanaruka. Nyamizi alijifunika uso na kanga. Afande alitazama bango, akatazama kopo linalotoa moshi wa mwisho chini yake, akalitazama rundo nyuma ya kibanda. Akarudi kulitazama bango.

"Mzaramo," Mzee Kapaya akasema taratibu, anaonja kila neno. "Kiswahili mmetuletea nyinyi kutoka pwani. Leo kimekushinda mwenyewe."

"Kiswahili tuliwapa kizima," Afande akajibu. "Nyie mmekivunja njiani kwa kukibeba kichwani."

Na akacheka. Akacheka mpaka akashika nguzo. Niliona pale kwamba alikuwa anatafuta pa kutokea, na Mzee kamfungulia mlango ambao mtani peke yake anaweza kuufungua bila mtu kudhalilika.

Alipomaliza kucheka alirudi kuwa Afande. Akamwambia dereva kwamba hawezi kumpeleka mtu mbele ya sheria kwa bango ambalo mtu mwaminifu kama Mihayo analitii akiwa juu ya pikipiki. Atawapa onyo wote wawili, basi. Dereva akalalamika kwamba amekuja bure, akauliza kama hakuna hata sega la kuonja.

"Ukila asali hapa leo," Afande akamwambia, "na hilo litahitaji bango, na fundi wangu unamwona alivyo."

Akaufungua mnyororo, akampa Nyamizi pikipiki yake. Lakini akasema pia, na alisema kwa upole ila wazi: kuanzia leo hakuna asiyejua. Pikipiki mwisho hapa getini. Makopo yaingie, yazimwe vizuri kabla ya kutoka.

Nyamizi alishika usukani akamtazama. "Kwa hiyo Afande, umenirudishia ili niiache?"

"Umerudishiwa ili jioni urudi nayo nyumbani."

Hakupenda. Sitawadanganya kwamba alipenda. Mizinga iko mbali, na ndoo zilizojaa si za kubeba mkononi. Baiskeli inaruhusiwa, basi siku ile niliomba ya mama mdogo, nikaingia nao kusaidia kutoa asali iliyobaki. Mzee Kapaya alikuwa na kopo lake, amelipata. Nilisukuma baiskeli yenye ndoo mbili kwenye mchanga mpaka miguu ikatetemeka, na Nyamizi nyuma yangu anasema, "Pole pole mwandishi, usije ukamwaga wino."

Kabla ya hapo lakini Afande alikuwa ameniita.

"Dogo. Ng'oa."

Nililing'oa bango langu mbele yao wote. Lile la mninga. Iliniuma, siwezi kuficha.

Nikasema safari hii sikosei. Nikawauliza pale pale niandike nini. Mihayo akasema andika pikipiki tu. Afande akasema alisema hivyo tangu mwanzo. Mzee Kapaya akasema, "Mimi hata uandike nini, sisomi. Hata lile alinisomea Mihayo. Chora."

Wakuu, mimi ni mtu wa herufi. Kuchora sijui. Nilijaribu kukwepa, nikasema rangi nyekundu imeisha, Nyamizi akaniletea kopo la rangi kutoka kijijini kabla sijamaliza sentensi.

Nikachora pikipiki.

Usukani ulitoka kama pembe. Tanki likawa tumbo. Taa ya mbele, ambayo niliifanya kubwa ili ionekane kwa mbali, ikawa jicho, tena jicho lenye huzuni. Matairi niliyafanya madogo, yakawa kwato. Nikaweka mkasi mwekundu juu yake, ile alama ya X ya kukataza, nikarudi nyuma kuangalia.

Nilikuwa nimechora mbuzi.

Mzee Kapaya alisogea, akalikagua kwa jicho lake moja na nusu. "Mbuzi mzuri," akasema.

Nilitaka kulifuta. Nilishachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa. Nyamizi akasimama mbele ya ubao akapanua mikono. "Mdogo wangu, ukigusa hicho kitu nakwenda kukuitia nyuki, unajua nawajua kwa majina." Chini ya mbuzi nikaandika kwa herufi za kawaida PIKIPIKI MWISHO HAPA, na hata hizo sikuzipimia, kwa sababu walikuwa wananiangalia na kucheka.

Lipo mpaka leo.

Wiki za kwanza mfugaji mmoja alipita, akaniuliza kama mbuzi nao wamekatazwa kuingia. Kabla sijafungua mdomo kueleza, Afande akajibu kutoka kibandani, "Na mbuzi pia!" Na ni kweli, mifugo hairuhusiwi. Kwa hiyo lile bango linakataza vitu viwili na mimi nilikusudia kimoja.

Sasa hivi chini yake kuna pikipiki zimeegeshwa, na baiskeli zinapokezana kuingia ndani. Nyamizi huwa anaifunga yake kwenye nguzo yenyewe kabisa. Pale pamepata jina. Juzi nikiwa barabarani Ipole nilimsikia abiria anamwambia bodaboda, "Nishushe kwa Mbuzi." Yule kijana hakuuliza ni wapi.

Sijawahi kuandika kitu chochote kikawa jina la mahali. Maneno yale ya kwenye mninga yaliyopimwa kwa rula hakuna aliyeyapa hata jina la utani.

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu: kabla sijaandika, namwuliza atakayesoma anaita nini kitu hicho. Na akiniambia hasomi, namwuliza anataka kuona nini. Wasiwasi sijapona. Uzi huu nimeurudia mara nyingi kabla ya kuubandika, na bado nahisi kuna herufi imelala mahali.

Mkiiona, nawaomba mniachie kama ilivyo.

Wenye hadithi za mabango na matangazo yaliyoeleweka kinyume huko kwenu, wekeni hapa chini tucheke pamoja. Na kama kuna mtu anajua kuchora pikipiki, asinitumie picha. Afande amenikataza kuligusa bango.